Baba kaumwa na nyuki, moyo ukalegea: je, hiyo nayo ni takotsubo?

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Sikonge, mkoani Tabora. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 49, anafuga nyuki na kurina asali tangu ujana wake. Mwezi uliopita mzinga ulidondoka kutoka juu ya mti, nyuki wakamvamia. Alivimba uso, pumzi ikaanza kukoroma, akaanguka. Tulipomfikisha kwenye matibabu alichomwa adrenalini kwenye mshipa wa mkono. Alizinduka, lakini haikuchukua muda akaanza kulalamika kifua kinambana, moyo unakwenda mbio, mara akakohoa povu. Tukapewa rufaa. Huko tulikopelekwa kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kilionyesha moyo umelegea upande wa juu, ila ncha inapiga vizuri, na kwenye karatasi wameandika takotsubo ya kinyume. Sasa yuko nyumbani anatumia atenololi na aspirini. Nimesoma mtandaoni kuwa takotsubo ni ugonjwa wa wanawake waliofiwa. Mashangazi wanamuuliza mama amemfanya nini kaka yao. Wengine wanasema ni ile sindano, na siku nyingine asikubali kuchomwa. Je, ugonjwa ndio huo kweli? Atapona? Anaweza kurudi porini?"

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuuguza.

Nianze na mama yako, maana lake ndilo jepesi kulimaliza. Mwambie hana kosa lolote, na mashangazi uwasomee sentensi hii: takotsubo, yaani msuli wa moyo kulegea ghafla, haihitaji huzuni ili itokee. Katika takwimu kubwa za ugonjwa huu zilizochapishwa mwaka 2015, za wagonjwa 1,750 kutoka hospitali za Ulaya na Marekani, waliopata mshtuko wa kihisia kabla ya kuugua walikuwa chini ya asilimia 28. Waliotanguliwa na jambo la mwili, kama upasuaji, maambukizi, pumu iliyobana au kuumia, walikuwa asilimia 36. Na zaidi ya robo hawakuwa na chanzo chochote kilichoonekana. Kati ya wale wa kihisia wenyewe, wapo walioangushwa na furaha. Mwaka 2016 watafiti hao hao walichambua wagonjwa 485 wenye chanzo cha kihisia, wakakuta 20 waliougua baada ya jambo jema: harusi ya mtoto, sherehe ya kuzaliwa, kupata mjukuu, timu kushinda mechi. (Mashabiki wa Simba na Yanga mnisamehe, sisemi msiende uwanjani.)

Hata hivyo hayo uliyoyasoma mtandaoni si uongo mtupu. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza Japani mwaka 1990, na Dakta Hikaru Sato na wenzake wa Hiroshima. Waliona moyo ambao chemba yake ya kushoto, ile inayosukuma damu kwenda mwilini, imetuna na kulegea kwenye ncha, huku sehemu ya juu karibu na valvu ikijibana kwa nguvu kupita kawaida. Kwenye picha moyo huo unafanana na mtungi wenye shingo nyembamba na tumbo pana, na Wajapani wana mtungi wa namna hiyo wa kunasia pweza, ndio jina likatoka huko. Tisa kati ya kila wagonjwa kumi ni wanawake, na wengi wamevuka miaka 60. Kwa hiyo daktari akisikia takotsubo, picha inayomjia kichwani ni ya bibi aliyefiwa, mwenye ncha ya moyo iliyotuna. Baba yako hafanani na picha hiyo hata kidogo. Ni mwanaume, hajafika 50, hajafiwa, na ncha yake ndiyo nzima.

Lakini ile picha ni ya walio wengi, si ya wote. Katika wale 1,750 niliowataja, kama asilimia 82 walikuwa na umbo hilo la ncha. Karibu asilimia 15 walilegea katikati ya chemba, ncha na sehemu ya juu zikiwa salama. Asilimia 2 na kidogo walikuwa kama baba yako: juu kumelegea, ncha inapiga, yaani mtungi uliopinduliwa. Waliobaki, kama asilimia moja na nusu, walilegea kipande kimoja tu cha ukuta, na hao ndio wanaotusumbua zaidi kuwatambua kwa sababu wanafanana kabisa na mtu ambaye mshipa mmoja wa moyo umeziba. Zaidi ya hapo, chemba ya kulia nayo inaweza kuingia kwenye ugonjwa pamoja na ya kushoto, na ikiingia mgonjwa huwa na hali mbaya zaidi. Mtu akiugua mara ya pili anaweza kuja na umbo tofauti na la kwanza, jambo linaloonyesha kuwa maumbo yote haya ni ugonjwa mmoja.

Umbo la baba yako lina tabia zake. Huwapata watu wa umri mdogo kuliko lile la kawaida. Na linapojitokeza, mara nyingi ukichimba unakuta adrenalini imemwagika kwa wingi na kwa ghafla: damu imevuja kwenye ubongo, au kuna uvimbe unaotengeneza adrenalini, au adrenalini imeingizwa mwilini kwa sindano. Ndiyo maana nilipofika kwenye maneno yako "kwenye mshipa wa mkono" niliacha kusoma nikayarudia.

Adrenalini ni homoni ambayo mwili unaitengeneza wenyewe kwenye tezi zilizo juu ya figo. Ukikutana na nyoka njiani, ndiyo inayokurusha nyuma kabla hujafikiri. Kwa kiasi cha kawaida inaupa moyo nguvu. Ikizidi mno inauumiza: mishipa midogo ya moyo inabana, chembe za misuli zinajaa kalisi, na inadhaniwa vipokezi vya adrenalini kwenye misuli vinageuza kazi, badala ya kuamrisha "jibane" vinaamrisha "legea". Ni kama msuli unajizima ili usife. Mwaka 2005 madaktari wa Johns Hopkins, Marekani, walipima damu ya wagonjwa wa takotsubo iliyoletwa na mshtuko wa kihisia, wakakuta adrenalini na jamii yake ni mara mbili hadi tatu ya wagonjwa wenye mshtuko wa moyo wa kawaida uliokuwa mkali. Na hao hawakuchomwa sindano yoyote, ilikuwa ni ya mwili wao wenyewe.

Sasa mfuate baba hatua kwa hatua. Nyuki wamemvaa: hofu na maumivu, tezi zinamwaga adrenalini. Sumu inazua mzio mkali, mishipa ya mwili inalegea, presha inaanguka: tezi zinamwaga tena, safari hii kuokoa maisha. Sumu ya nyuki nayo ina kiasi kidogo cha dopamini na noradrenalini ndani yake. Halafu juu ya hayo yote inakuja sindano, tena moja kwa moja kwenye mshipa, ambako dawa inafika kwenye moyo yote kwa mkupuo ndani ya sekunde. Kifua kilibana muda mfupi baadaye, mapafu yakajaa maji, ndilo lile povu. Mpangilio huu wa matukio ninauamini. Waliosoma ile eko na kuandika "kinyume" walifanya kazi nzuri, maana wengine wangeona ncha inapiga wakasema moyo hauna neno.

Hata hivyo naomba usiufunge mjadala hapo. Kuna ndugu wa karibu wa jambo hili, anaitwa sindromu ya Kounis, iliyoelezwa na madaktari wa Ugiriki mwaka 1991: mzio wenyewe unabana mishipa inayolisha moyo, au unapasua utando wa mafuta uliokuwa kimya ndani ya mshipa, na mtu anapata mshtuko wa moyo halisi akiwa katikati ya mzio. Nyuki ni miongoni mwa vyanzo vyake vinavyojulikana. Mtu anaweza hata kuwa na vyote viwili. Njia ya uhakika ya kutenganisha ni kuiangalia mishipa ya moyo kwa angiografia, ambapo mrija mwembamba unapitishwa kwenye mkono au kwenye nyonga na dawa inayoonekana kwenye eksirei inaingizwa. Kwenye takotsubo mishipa inakuwa wazi, au kama ina kasoro, haioani na eneo lililolegea. Tabora hadi Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, si mbali kama zamani, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam. Mwanaume wa miaka 49 anastahili kipimo hiki, na kama gharama ya mrija inawalemea, ulizeni kuhusu CT ya mishipa ya moyo, inatosha kwa mtu ambaye sasa ametulia.

Wakati mnasubiri, kuna shahidi mwingine asiye na gharama kubwa: eko ya pili. Takotsubo inapona. Msuli unaanza kurudi ndani ya siku chache, na kwa kawaida wiki nne hadi nane baadaye chemba inapiga kama haijawahi kuugua. Kwa hiyo rudini kwenye eko kati ya wiki ya nne na ya sita, na mwende na picha au ripoti ya kwanza, si maneno ya kukumbuka. Mtaalamu aangalie sehemu ile ile. Ikiwa imerudi yote, jibu limezidi kupata uzito. Ikiwa bado imelala baada ya miezi mitatu, basi jina la ugonjwa libadilishwe: tutafute kovu la mshtuko wa moyo au uvimbe wa misuli ya moyo uliotokana na virusi.

La pili ninalotaka lipimwe ni ule uvimbe unaotengeneza adrenalini niliougusia. Unaitwa feokromositoma, unaota kwenye tezi za juu ya figo na kumwaga adrenalini bila mpangilio. Ni nadra, na sioni sababu ya kuutafuta kwa kila mwenye takotsubo. Kwa umbo la kinyume ninautafuta. Mkae na baba mmuulize taratibu: je, kabla ya hili la nyuki, huwa anapata vipindi vya kichwa kugonga, moyo kwenda mbio na jasho jingi, vyote kwa pamoja, kisha vinapita vyenyewe? Je, aliwahi kuambiwa presha yake inapanda na kushuka isivyoeleweka? Jibu likiwa ndiyo, apimwe metanefrini (mabaki ya adrenalini iliyovunjwa) kwenye damu au mkojo, na CT ya tumbo. Jibu likiwa hapana kabisa, na chanzo kiko wazi kama hiki, kipimo kinaweza kusubiri, lakini swali liulizwe.

Na hapo ndipo inaponijia wasiwasi wa atenololi, ambayo nadhani hamkuitilia shaka kwa kuwa ni dawa ya kawaida. Atenololi ni ya kundi linaloziba vipokezi vya adrenalini. Kwenye takotsubo wengi tunaiandika kwa mazoea, maana inaleta mantiki: adrenalini imeumiza, basi izibwe. Lakini katika zile takwimu za 2015 waliotumia dawa za kundi hili hawakuishi zaidi ya wasiotumia. Waliofaidika ni waliopewa dawa za kundi la kaptoprili na enalaprili au lile la losartani. Tena kwa baba yako kuna hatari mbili za pembeni. Kama ana ule uvimbe wa tezi, atenololi ikitangulia peke yake inaweza kuipaisha presha vibaya. Na kama ana mzio wa nyuki, siku akiumwa tena adrenalini ya kumwokoa itakuta milango imezibwa na isifanye kazi ipasavyo. Dawa inayosaidia mtu wa namna hiyo ni glukagoni, na msitegemee kuikuta zahanati.

Usiikatishe mwenyewe, tafadhali. Atenololi ikiachwa ghafla moyo unaweza kuruka. Mpelekeni kwa daktari aliyemwandikia, mumwambie kwa maneno haya: "Huyu ni mfugaji nyuki na ana mzio wa nyuki, je, tunaweza kuipunguza taratibu au kuibadilisha?" Aspirini nayo ina swali lake. Kama mishipa ya moyo itaonekana wazi, hana sababu ya kuimeza maisha yake yote.

Sasa ile sindano. Wanaosema isirudiwe wanamtakia mema, ila wakifuatwa watamzika. Mzio mkali wa nyuki unaua ndani ya dakika, wakati moyo uliolegea kwa adrenalini kwa sehemu kubwa unapona. Katika takwimu zile waliofia hospitalini kwa takotsubo ya kila aina walikuwa kama 4 katika kila 100, na wengi wao walikuwa na maradhi mengine mazito. Mtu aliyefunga koo na presha imeanguka, asipopata adrenalini, hana hesabu ya kuringia. Tatizo ni njia na kipimo. Kichupa cha kioo cha adrenalini tulichonacho kina mililita moja yenye miligramu moja. Mtu mzima mwenye mzio mkali anapewa nusu ya kichupa hicho, yaani miligramu 0.5, kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Asipopata nafuu baada ya dakika tano, inarudiwa hapo hapo. Kwenye msuli inaingia taratibu, moyo unaivumilia. Mshipani ni kwa aliyesimama moyo, au kwa wodi yenye mashine ya kumfuatilia, tena ikiwa imezimuliwa na inapita kidogo kidogo. Simlaumu aliyemhudumia baba. Nimeona kinachotokea mgonjwa anapoletwa amebadilika rangi na ndugu wanapiga kelele mlangoni, na huyo mtu alimrudisha baba yenu duniani. Ila kwenye cheti cha baba iandikwe: "Mzio wa nyuki. Adrenalini kwenye paja, si mshipani isipokuwa moyo umesimama." Cheti hicho kikae kwenye mfuko wa shati, kisifungiwe kabatini.

Kuna jambo dogo la malaria, maana Sikonge haikosi. Katika wiki za mwanzo za ugonjwa huu umeme wa moyo huchelewa kujipanga upya baada ya kila pigo, na dawa fulani zinaongeza ucheleweshaji huo hadi moyo kupoteza mpigo. Kwinini ni mojawapo, azithromaisini ni nyingine. Dawa mseto ya malaria ina athari ndogo zaidi, na mtu mwenye malaria asiikose. Baba akishikwa na homa, apimwe kwanza, kisha mhudumu aambiwe habari ya moyo kabla ya kuandika chochote. Kipimo cha umeme wa moyo kirudiwe siku ile ile ya eko.

Kuhusu kurudi porini. Kama eko ya pili ni safi, moyo hautamkataza. Takotsubo kurudi ni jambo linalotokea kwa wachache, kadiri ya mtu mmoja au wawili kati ya wagonjwa 100 kila mwaka. Kinachonitia hofu ni mzio, ambao hauponi pamoja na moyo. Hapa inategemea alichokuwa nacho siku ile. Mtu yeyote akiumwa na mamia ya nyuki anaweza kuzimia kwa wingi wa sumu tu bila kuwa na mzio. Huyo hatari yake kubwa huja siku zinazofuata, mkojo ukiwa wa rangi ya chai na figo zikichoka. (Kama baba hajapimwa kreatinini, kipimo cha damu cha figo, tangu atoke, apimwe wiki hii.) Lakini aliyevimba uso na kukoroma baada ya miiba michache ana mzio, na nyuki mmoja kesho anaweza kutosha. Kwa hiyo mkumbusheni: ile miiba ilikuwa mingapi? Waliomtoa miiba wanakumbuka. Na katika safari nyingine huko nyuma, aliwahi kuvimba zaidi ya mahali alipoumwa?

Jibu likiegemea kwenye mzio, ushauri wangu ni kwamba kazi ya kupanda na kufungua mizinga wapewe wadogo zake au vijana wake. Yeye abaki na yale yanayofanyika mbali na nyuki: kukamua, kuchuja nta, kupima na kuuza. Najua kwa mzee aliyeanza kurina kabla hajaota ndevu hilo ni gumu kulimeza. Akishikilia kwenda, basi asiende peke yake, avae vazi kamili lenye wavu na glavu, mizinga ishushwe chini iwe ya kufikiwa bila kupanda, na mwenzake awe na vichupa viwili vya adrenalini, bomba la sindano na mafunzo ya kuichoma pajani. Adrenalini isikae juani kwenye boksi la pikipiki, joto na mwanga vinaiharibu. Ikigeuka rangi ya hudhurungi itupwe. Akiumwa, kwanza akimbie mbali na mzinga, kisha miiba ikwanguliwe haraka kwa ukucha au bapa la kisu, alazwe chini miguu juu, na ikiwa anahema kwa shida aketishwe. Hata akipata nafuu hapo hapo, afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Majibu ya eko ya pili yakitoka, niandikie pamoja na idadi ile ya miiba.